Sura ya Sita: Umeme Unaokula Boti

Januari 2010, katika mji wa Mobile, jimbo la Alabama, Jeshi la Wanamaji la Marekani liliipokea rasmi meli ya kivita iitwayo USS Independence. Ilikuwa meli ya aina yake: matumbo matatu chini ya sitaha moja, urefu wa mita 127, mwendo wa zaidi ya kilomita 70 kwa saa, na mwili mzima wa alumini. Haikutimiza miaka miwili kazini kabla habari mbaya hazijatoka. Katikati ya mwaka 2011 wakuu wa jeshi hilo walilieleza Bunge lao kwamba alumini iliyozunguka mitambo ya kusukumia maji, kule nyuma, ilikuwa ikilika kwa kasi. Mitambo ilikuwa ya chuma. Pale chuma kilipopakana na alumini, alumini ndiyo iliyokuwa inapotea.

Ukazuka ubishi mkali hadharani juu ya nani alaumiwe, jeshi au wajenzi. Sitaingia katika ubishi huo. Dawa yenyewe haikubishaniwa sana: meli ilipandishwa chelezoni ikatengenezwa, na meli za aina yake zilizofuata zikapangiwa kinga ambayo yenyewe haikuwa nayo tangu mwanzo.

Linalonishangaza ni kwamba somo hili lilikuwa na umri wa zaidi ya miaka mia moja. Mwaka 1895 Nathanael Herreshoff, mbunifu wa majahazi ya mashindano kutoka Bristol, Rhode Island, aliunda Defender ili kulitetea Kombe la Amerika. Alitaka wepesi kuliko kitu chochote. Sehemu ya chini ya maji aliifunika kwa mabamba ya shaba ngumu, sehemu ya juu akaifunika kwa alumini, na mbavu za ndani zikawa za chuma. Defender ilishinda. Lakini metali tatu zilizogusana ndani ya maji ya chumvi zilianza kulana tangu siku ya kwanza, na kufikia 1901 chombo kile kilivunjwavunjwa na kuuzwa kama chakavu. Jahazi la miti lililoshonwa kwa kamba, kama mtepe wa Lamu na wa Wabajuni ambao haukuwa na msumari hata mmoja, lilikuwa na maradhi yake mengine, ila hili halikulijua kamwe.

Siku hizi metali hii imetuzunguka. Abiria anayepanda boti ya kasi kutoka Dar es Salaam kwenda Unguja anakanyaga alumini. Boti ndogo za kazi zinazosukumwa na injini ya nje, zile zisizo za mbao wala faiba, mara nyingi ni za alumini. Na kila mwenye chombo cha namna hiyo husikia maneno yaleyale gatini: maji ya bahari yanaila alumini, ongeza zinki. Sehemu zote mbili za ushauri huo zina kasoro, na sehemu ya pili inaweza kuangamiza chombo.

Tuanze na bahari. Alumini iliyokusudiwa kwa vyombo vya baharini, kama aloi ya 5083 au 5086, imechanganywa na magnesi, na shaba ndani yake ni kidogo mno. Ukiikwangua ikang'aa, hewa huifunika papo hapo kwa utando mwembamba wa oksidi usioonekana kwa macho. Utando huo ndio unaoikinga. Hauvumilii asidi kali wala magadi makali, lakini maji ya bahari, ambayo ukali wake wa pH ni kama 8.1, yamo ndani ya mipaka yake. Ndiyo maana kuna boti za kazi zisizopakwa rangi kabisa, zenye kijivu chake cha kuzaliwa, ambazo hudumu miongo kadhaa majini bila kutoboka. Bahari peke yake si adui mkubwa wa alumini nzuri. Chombo kikianza kutoboka, mtafute aliyeleta umeme.

Umeme huo huja kwa njia mbili, na fundi asiyezitenganisha atatibu ugonjwa usiokuwepo.

Njia ya kwanza haihitaji betri. Weka metali mbili tofauti ndani ya maji ya chumvi kisha uziunganishe kwa waya au kwa kugusana tu, nawe umetengeneza betri. Mojawapo itatoa mkondo na kulika, nyingine itatulia salama. Nani aliwe na nani apone huamuliwa na volteji ya kila metali ndani ya maji, na hiyo hupimika. Tukitumia elektrodi ya fedha kama kipimo cha kulinganishia, grafiti husoma milivolti 200 hadi 300 upande wa chanya. Chuma cha stenlesi kilichotulia husoma karibu na sifuri au chini yake kidogo. Shaba husoma kati ya -300 na -360. Alumini ya boti isiyo na kinga mara nyingi huwa kati ya -750 na -900. Zinki hufika -1,000 au kuzidi kidogo. Metali yenye namba hasi kubwa zaidi ndiyo huliwa. Kwa hiyo karibu kila metali utakayoifunga kwenye boti ya alumini, iwe rafadha ya shaba, bolti za stenlesi au vali ya shaba ya kuingizia maji, itaigeuza boti yako kuwa chakula.

Ukubwa wa eneo nao una neno lake. Bolti moja ndogo ya stenlesi kwenye bamba pana la alumini haileti msiba mkubwa, kwa sababu hasara inagawanywa juu ya eneo kubwa. Geuza mambo: metali kubwa ya shaba au stenlesi imekutana na alumini kidogo iliyo wazi. Hapo mkondo wote unatoka mahali padogo na shimo linakwenda chini haraka. Rangi iliyochubuka huleta hali hiyohiyo. Mwenye boti anapaka alumini rangi nzuri, anauacha mtambo wa shaba bila rangi, kisha jiwe linachubua sehemu ya ukubwa wa ukucha. Shambulio lote linahamia kwenye ukucha ule. Ukiwa na rangi ya kupaka metali moja tu kati ya mbili, paka ile ya shaba.

Waingereza waliliona jambo hili kabla hawajajua lolote kuhusu umeme wa betri. Mwaka 1761 waliivalisha HMS Alarm mabati ya shaba ili kuzuia wadudu watoboao mbao, wakaipeleka visiwa vya Karibi. Ilipokaguliwa miaka miwili baadaye, misumari mingi ya chuma iliyokuwa imegusana na shaba ilikuwa imeoza. Lakini misumari fulani ilikuwa mizima kabisa. Shaba ilikuwa imeletwa ikiwa imefungwa kwa karatasi ya kahawia, na pale mafundi waliposahau kuibandua, karatasi ilikaa kati ya metali hizo mbili na chuma kikapona. Karatasi tu! Sijui mfano ulio bora kuliko huo wa kumwonyesha fundi kijana kwa nini washa ya nailoni yenye bei ya peremende inaweza kuokoa bamba la mamilioni.

Miaka sitini baadaye Humphry Davy akaja na upande wa pili wa dawa. Mwaka 1824 alionyesha kwamba shaba ya meli haitaliwa ikiwa itaunganishwa na kipande cha zinki au chuma kinachokubali kuliwa badala yake. Jaribio lilifaulu kupita kiasi. Shaba iliyolindwa iliacha kutoa sumu yake kidogo kidogo majini, basi chaza na majani yakaota kwenye matumbo ya meli mpaka zikapunguza mwendo, na jeshi la wanamaji la Uingereza likaachana na vilinzi vile. Hata hivyo zinki zote zilizofungwa leo chini ya boti, kuanzia Mombasa hadi Mtwara, ni watoto wa jaribio la Davy.

Njia ya pili ni mkondo uliopotea njia. Huu hutoka kwenye betri, kwenye chaja, au kwenye chombo cha jirani, ukaacha waya wake na kurudi nyumbani kupitia mwili wa boti na maji. Tofauti yake na njia ya kwanza ni nguvu. Metali mbili zikigusana husukumana kwa sehemu ya volti moja. Betri inasukuma kwa volti 12 au 24.

Michael Faraday alituachia hesabu ya kujua mkondo unakula metali kiasi gani. Ampea moja inayotoka kwenye alumini kuingia majini huondoa takriban gramu 8 kwa siku, yaani karibu kilo 3 kwa mwaka. Gramu 8 zaonekana chache. Basi tuhesabu shimo. Bamba la unene wa milimita 5, shimo lenye upana wa milimita 5: metali inayopotea hapo ni kama robo ya gramu. Ikiwa ampea moja yote inatokea mahali hapo, bamba linatoboka kwa muda usiofika saa moja. Ikiwa ni sehemu ya kumi ya ampea, kiasi kinachoweza kutumiwa na balbu moja ndogo, kazi inamalizika kwa saa nane. Nahodha analala kwenye chombo kizima na kuamka kwenye chombo kinachovuja. Katika hali halisi mkondo hugawanyika mahali pengi, kwa hiyo huchukua siku au wiki, lakini ndiyo sababu mafundi wa alumini huuogopa mkondo uliopotea kuliko chumvi.

Na mkosaji ninayemshuku kwanza ni pampu ya ngama. Pampu hii na swichi yake ya kuelea hufungwa moja kwa moja kwenye betri, bila kupitia swichi kuu, ili ifanye kazi hata boti ikiwa haina mtu. Uamuzi huo ni wa busara. Lakini maana yake ni kwamba waya wa chanya una moto usiku na mchana, na kiungo chake kimelala mahali palipo na maji zaidi kuliko popote ndani ya chombo. Fundi aliyeunga kwa kusokota na kuzungushia utepe ameweka chanya ya betri ndani ya maji ya chumvi yanayogusa mwili wa alumini. Viungo vya pampu viinuliwe juu, mbali na maji, vibanwe kwa kifaa cha kubania na kuvishwa mpira unaonywea kwa joto wenye gundi ndani.

Dalili

Macho yanaanza, ijapokuwa hayamalizi kazi. Unga mweupe kama chokaa mbichi kandokando ya bolti au chini ya mkanda wa stenlesi. Malengelenge kwenye rangi ambayo ukiyapasua yanatoa ujiuji mweupe, na chini yake pana kishimo. Vishimo vingi vimekusanyika upande mmoja wa chombo au karibu na rafadha, huku kwingine ni safi. Zinki zilizokuwa zikidumu mwaka mmoja sasa zinaisha kwa miezi miwili.

Dalili moja hupuuzwa kwa sababu inafurahisha: zinki isiyolika hata kidogo. Mwenye boti huona ameokoa pesa. Zinki ya namna hiyo haifanyi kazi. Labda imepakwa rangi na fundi wa rangi mwenye haraka, labda bolti yake imeshika uchafu na umeme haupiti, au boti imehamia maji baridi na zinki imejivika gamba gumu. Zinki nzuri ni ile inayoisha.

Baada ya macho, pima. Hapa ndipo ninapotofautiana na desturi ya gatini ya kukisia. Vifaa ni viwili: mita ya kawaida ya umeme yenye uwezo wa kusoma milivolti za DC, na elektrodi ya fedha yenye waya mrefu. Elektrodi ni kijiti cha fedha kilichofunikwa kwa kloridi ya fedha ndani ya kifuko cha plastiki chenye matundu, na volteji yake majini haiyumbi. Ichomeke kwenye tundu la COM la mita, kisha iteremshe majini karibu na tumbo la boti. Waya wa pili wa mita uguse alumini iliyokwanguliwa ikang'aa. Ngoja namba itulie, halafu iandike. Pima mbele, katikati na nyuma.

Namba inasema mengi. Kwa tumbo la alumini lililolindwa vizuri ndani ya maji ya bahari, kiwango kinachofuatwa na wataalamu wa boti Marekani ni kati ya milivolti -950 na -1,100. Ukisoma -800, kinga haitoshi. Ukisoma -700 au namba iliyo karibu zaidi na sifuri, kuna shaba au stenlesi inayokuvuta, au mkondo unatoka. Ukisoma -1,200, usifurahi. Hapo kinga imepita kiasi: uso wa alumini unazalisha magadi, na magadi huuyeyusha utando ule ule unaoikinga. Chuma kikilindwa kupita kiasi hupoteza rangi yake. Alumini hupoteza mwili wake. Ndiyo maana nimesema ushauri wa kuongeza zinki bila kupima ni wa hatari, na hatari inakuwa kubwa zaidi pale mtu anapofunga magnesi, inayosoma -1,500 na kuzidi, kwenye boti ya alumini itakayofanya kazi baharini. Magnesi ni ya maji baridi. Boti iliyotoka Ziwa Victoria kuja pwani ibadilishwe vilinzi kabla haijaguswa na maji ya chumvi.

Sasa tafuta mkondo uliopotea. Boti ikiwa majini na kila kitu kimezimwa, waya wa umeme wa gatini umechomolewa, andika namba ya kuanzia. Kisha washa kimoja kimoja: redio, taa, pampu, jokofu. Baada ya kila kimoja, soma. Kifaa kizima hakitaisogeza namba. Ukiwasha pampu na namba ikaruka kuelekea chanya kwa makumi ya milivolti, umemkamata mwizi. Lakini kumbuka kupima mbele na nyuma. Mkondo uliopotea majini huingia kwenye tumbo upande mmoja na kutokea upande mwingine. Kule unakoingia namba huzidi kuwa hasi na alumini hupona, kule unakotokea namba huelekea chanya na alumini huliwa. Anayepima sehemu moja tu anaweza kuupa ugonjwa cheti cha afya.

Mwisho rudisha umeme wa gatini, upime tena. Namba ikibadilika wakati huo, huenda tatizo halimo ndani ya boti yako. Nitalirudia jambo hili.

Kuna kipimo kingine kisichohitaji elektrodi. Boti ya alumini yenye nyaya zilizofungwa ipasavyo haina muungano wowote kati ya betri na mwili wake. Chukua balbu ndogo yenye nyaya mbili. Kupitia balbu hiyo, unganisha chanya ya betri na mwili: ikiwaka, hasi ya betri imegusa mwili mahali fulani. Kisha, kupitia balbu hiyohiyo, unganisha hasi na mwili: ikiwaka, chanya ndiyo inavuja, na hilo ni jambo la kushughulikiwa leo. Isipowaka, weka mita ya miliampea yenye fyuzi badala ya balbu, kwa maana uvujaji mdogo hauwezi kuwasha balbu ingawa unaweza kutoboa bamba. Halafu chomoa fyuzi moja moja hadi namba ishuke. Kwenye boti za injini ya nje hasi ya betri huungana na injini, na injini imefungwa kwenye boti kwa bolti. Hapo muungano mmoja unakubalika, ila uwe huo mmoja tu, na utenganishwe kabla ya kupima.

Kinga

Sheria ya kwanza ya nyaya: mwili wa boti ya alumini si waya. Fundi wa magari amezoea kufunga hasi kwenye bodi, kwa hiyo taa moja inahitaji waya mmoja. Mzoefu huyo akiletwa kwenye boti ya alumini, atafanya kazi safi yenye kuangamiza. Kila kifaa kipewe nyaya mbili, chanya na hasi, hadi kwenye betri. Swichi kuu ikate zote mbili. Vipimo vya mafuta na joto vinavyofungwa kwenye injini ya ndani viwe vya nguzo mbili, visivyotumia mwili wa injini kurudishia umeme. Ukiajiri fundi, muulize swali hili kabla ya swali la bei.

Uchomeleaji nao. Katika magati yetu mashine moja ya kuchomelea huhudumia vyombo viwili au vitatu vilivyofungwa ubavu kwa ubavu, na kishikio cha ethi hubanwa popote palipo karibu. Mkondo wa kuchomelea ni makumi hadi mamia ya ampea. Ukirudi kupitia maji na tumbo la boti ya jirani, rudia mwenyewe hesabu ya Faraday. Kishikio kibanwe kwenye chombo kilekile kinachochomelewa, karibu kabisa na mahali pa kazi, na betri za chombo hicho zitenganishwe kwanza.

Umeme wa gatini unaleta jambo gumu zaidi, kwa sababu usalama wa watu unagombana na usalama wa metali. Waya wa ethi unaiunganisha boti yako na ethi ya gati, na kupitia hiyo na kila boti nyingine iliyochomeka umeme hapo. Boti ya jirani yenye rafadha kubwa ya shaba na zinki zilizokwisha sasa inalindwa na alumini yako. Wapo wanaoukata waya wa ethi ili kuzuia hilo. Usiukate kamwe. Siku kifaa kitakapopata hitilafu, mwili wa boti unaweza kuwa na umeme wa volti 230, na mtoto anayeogelea karibu anaweza kufa. Kuna kifaa kinachofungwa katikati ya waya wa ethi, chenye dayodi zinazozuia volteji ndogo ya DC, hadi kama volti 1.2, huku zikiuacha mkondo wa hitilafu upite. Kwa boti ya alumini inayolala gatini mara kwa mara, mimi nashauri transfoma ya kutenganisha, ambayo haiungi kabisa waya wa gati na mwili wa boti. Ni ghali na nzito. Inastahili bei yake.

Rangi ya chini ya maji: nyingi ya zile za kuzuia viumbe kuota zina oksidi ya shaba. Kwenye mbao na faiba hazina neno. Kwenye alumini ni shaba iliyopakwa juu ya chakula chake. Soma mkebe. Tafuta isiyo na oksidi ya shaba, na chini yake pawe na tabaka kadhaa za rangi ya msingi ya epoksi.

Bolti za stenlesi hatuwezi kuzikwepa, kwa kuwa bolti za alumini ni dhaifu. Zipakwe dawa ya kutenganisha, kama Duralac au Tef-Gel, kwenye nyuzi na chini ya kichwa, na vyombo vinavyofungwa viwekewe mpira au plastiki chini yake. Vali za kuingizia maji ziwe za plastiki iliyoimarishwa, zisiwe za shaba.

Ngama iwe safi. Sarafu ya rangi ya shaba iliyoanguka mfukoni, vipande vya waya alivyoviacha fundi umeme, chembe za chuma baada ya kutoboa: kila kimoja kikilala kwenye maji ya ngama kinachimba shimo kutoka ndani, mahali ambapo zinki za nje haziwezi kufika. Hata mbao ina hatari yake. Boti nyingi ndogo za alumini zina ubao ndani ya shetri, pale injini inapofungwa. Ubao ukioza, fundi huweka mwingine uliotiwa dawa ya kuzuia mchwa. Dawa nyingi za namna hiyo zina shaba. Ubao unalowa, shaba inatoka, na shetri linaliwa bila mtu kuona hadi injini ianze kucheza.

Kuhusu vilinzi vyenyewe, kwa tumbo la alumini ndani ya bahari au maji ya mdomo wa mto, napendelea vile vya aloi ya alumini yenye zinki na indiamu kidogo. Husoma karibu -1,100, hivyo vina msukumo mzuri kuliko zinki, na havijiviki gamba maji yakichanganyika. Vifungwe metali kwa metali, visipakwe rangi, vibadilishwe vikifika nusu. Idadi yake usikisie: funga, pima kwa elektrodi, ongeza au punguza mpaka namba iingie kwenye mipaka.

Namba hizo ziandikwe kwenye daftari la chombo pamoja na tarehe, mahali na hali ya zinki. Namba moja haina uzito mkubwa. Namba za misimu minne zikiwekwa pamoja zitakuonyesha chombo kinaelekea wapi kabla rangi haijaanza kufura.

Na ukitaka kununua boti ya alumini iliyokwisha tumika, usiridhike na kuiona nchi kavu ikiwa imepakwa rangi mpya. Omba ishushwe majini. Nenda na mita yako na elektrodi yako, pima mbele na nyuma, washa kila kifaa, fungua sakafu uone pampu ya ngama imeungwaje. Uliza zinki zilibadilishwa lini na uombe kuziona zile za zamani. Muuzaji akikataa boti isipimwe, mwachie boti yake.